Ukucha Kwenye Maziwa ya Baba Mkwe

Nitaisema mimi mwenyewe, kwa sababu Gisenyi nzima imeshaisema na imeisema vibaya. Kuna wanaoapa kwamba yule mzee aliumeza ule ukucha akakimbizwa hospitali. Hakuumeza. Aliutema kiganjani, akauangalia, na kusema kweli laiti angeumeza mimi ningesalimika (Mungu anisamehe). Basi kaeni niwaambie, ila msinikatize, nimechoka, na hadithi hii kila nikiisimulia inanichosha upya.

Mimi ndiye Devota, Mama Keza, yule wa kucha, mwenye kile chumba cha mlango wa buluu unaposhuka kwenda sokoni. Nilizaliwa Tanzania, Ngara, wazazi wangu walikuwa wakimbizi huko, na nikaolewa na mtu ambaye kwao walirudi kutoka Goma, ndiyo maana nyumbani kwetu kila mtu anaongea Kiswahili lakini hatuongei kimoja. Mama mkwe wangu, ambaye anauza sambaza kule ufukweni na anajua kupima binadamu kama anavyopima samaki, ananiambia kila siku, "Mama Keza, we unaongea kama redio." Hajawahi kuniambia kama anaipenda hiyo redio.

Sasa, mama mkwe ana binti mmoja tu, Ange, wifi yangu, kitinda mimba, anafanya kazi ofisini. Ange akapata mchumba kutoka Nyundo, watu wa heshima, baba yake mwalimu mstaafu, na ikapangwa siku ya kuja kuomba na kukwa, yaani kutoa mahari, Jumamosi, turubai uani kwetu, wageni kutoka kule na kutoka huku. Mama mkwe alitaka Ange akatengenezewe kucha kwenye saluni kubwa, ile yenye viti vya ngozi. Nikaomba. Nilimbembeleza wiki tatu. Miaka tisa niko kwenye ile familia na sijawahi kupewa kitu cha maana nikifanye peke yangu, hata mchuzi wa sherehe huwa napewa vitunguu tu nikakate pembeni, kwa hiyo zile kucha kumi za Ange kwangu zilikuwa mtihani, na siku mama mkwe aliposema, "Bon, fanya we, lakini usinipatishe haya," nilirudi kazini nikiimba.

Kwa wasiojua kazi yetu: kucha za akriliki ni unga na dawa ya maji, hiyo dawa tunaiita likwidi. Unachovya brashi kwenye likwidi, unagusa unga, kinatoka kidonge kibichi, unakilaza juu ya ukucha, kinakauka kinakuwa kigumu. Kazi ni hiyo tu, lakini kila kampuni inapika unga wake na likwidi yake, vipimo vyao vinajuana, na ukichukua unga wa huyu na likwidi ya yule, ukucha unaweza kukauka juu halafu ndani ukabaki mbichi, na ile dawa mbichi ndiyo inayokula ngozi ya mtu. Mwalimu wangu wa Kigali alikuwa akisema, "Kwa watu ni mwiko ndugu kuoana, kwa kucha ni lazima." Tulicheka darasani. Niliandika kwenye daftari na nikapiga mstari chini yake. Kwa hiyo msije mkasema sikujua, maana nilijua, na ndiyo inayoniuma.

Alhamisi ile nilikuwa kwenye kistuli tangu saa mbili asubuhi. Wasimamizi wa Ange watano wote walitaka kucha, halafu akaja mteja wangu wa siku zote kutoka ng'ambo ya mpaka ambaye huwezi kumwambia rudi, halafu dada yake huyo mteja, na mgongo ukawa hauniambii kitu kingine isipokuwa jina langu. Ange alifika saa kumi na moja jioni, mpole, na keki mkononi ameninunulia njiani. Nikaanza na vidole gumba. Vikatoka vizuri, vyeupe kwa rangi ya waridi, nikavichora na kiua kidogo. Nikainamisha chupa ya likwidi, tone, tone, basi. Imekwisha.

Nyingine ilikuwa njiani kutoka Kigali, kwenye kifurushi cha basi, inafika Ijumaa asubuhi. Nilichotakiwa kusema ni maneno matano: Ange, rudi kesho saa sita. Hayo tu. Lakini nilifikiria kesho, nikafikiria kukaa tena kwenye kile kistuli, nikaona jinsi mgongo utakavyolia, na macho yangu yakaenda kwenye kabati ambako kulikuwa na chupa ya maji ya kunywa yenye likwidi nusu, haina karatasi, haina jina, aliiacha fundi mmoja wa Goma aliyekuwa anashiriki chumba na sisi zamani.

Ninafanya kazi na mwenzangu anaitwa Solange, yeye anasuka. Nilipofungua ile chupa Solange alitupa kitana akaenda kufungua dirisha, harufu yake ilikuwa inachoma mpaka kwenye meno.

"Mama Keza, iyo likwidi haiko ya iyo unga," akaniambia.

"Likwidi ni likwidi, Solange."

"Mi nakuambia tu. Ile mwanamuke alikuwaka na unga yake, alienda nayo."

"Likwidi ni likwidi!" nikamjibu kwa sauti ya mtu mwenye cheti ukutani (na cheti kipo, nimekitundika mwenyewe).

"Bon. Ni mukono ya mutu, haiko yangu," akarudi kwenye nywele zake.

Haya, vidole vinane vikafanywa hivyo. Na vilinionya, jamani! Kidonge kilikuwa kinatawanyika kama uji, nakivuta huku kinakimbilia kule, kinagusa ngozi, nafuta, kinagusa tena. Juu kikakauka haraka sana. Nilipobonyeza kwa chini nikasikia kama kinalegea, nikajiambia ni mawazo yako, Devota, umechoka. Ange akasema taratibu, "Wifi, inachoma kidogo." Hilo neno wifi alijifunza kwangu, kwao hawalisemi, alilipenda akalichukua. Nikamwambia ni ile dawa ya kwanza ya kushikisha, itapita. Nikachora viua vingine vinane. Kwa macho, zilikuwa zinapendeza kuliko kucha zote nilizowahi kufanya, na mama mkwe alipoziona jioni ile alishika mkono wa Ange akaugeuza huku na huku, akasema, "Ni muzuri," na mimi nililala usingizi wa mtoto.

Ijumaa Ange alikuwa anatembea mikono kaikunjia kwapani. Niliona. Nikasema ni baridi.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na Jumamosi yangu ilianza na pete. Wageni wa Nyundo wamekaa upande wao, sisi upande wetu, na katikati wasemaji wawili, wa kwao na wa kwetu, wakirushiana maneno kama desturi inavyotaka, mmoja anaomba msichana, mwingine anajifanya hana msichana, watu wanacheka, na ukweli ni kwamba wengi wanakuja kwa ajili ya hao wasemaji kuliko kwa ajili ya maharusi. Wa kwao alikuwa mzee mwembamba, kipaza sauti kinakaa mkononi mwake kama kijiko. (Walikuwa wakiongea Kinyarwanda, mimi nawapa kwa Kiswahili changu cha redio.) Tukakubali kutoa msichana, Ange akatoka ndani na wasimamizi wake, amevaa mushanana, lile vazi letu la sherehe la kufunga begani, wa rangi ya dhahabu, uani kote watu wakapiga vigelegele. Bwana harusi akatoa pete. Pete ikagoma kwenye kidole. Akaisukuma, Ange akafumba macho, watu wakasema oo, machozi ya furaha. Mimi nilikuwa karibu na nikaona ncha za vidole vyake zimevimba na ni nyekundu. Pete ikaingia.

Halafu maziwa. Kwetu bibi harusi anampa baba mkwe maziwa kwenye inkongoro, kile chombo cha mti, anapiga magoti, anakishika kwa mikono miwili, na hapo ndipo familia inapokuwa familia. Ange akapiga magoti. Mzee akapokea, akanywa, akanywa, ghafla akaacha kunywa. Sharubu zake nyeupe zikatikisika kidogo. Akaingiza vidole viwili mdomoni akatoa ukucha wa waridi wenye kiua.

Mzee mwenyewe alikuwa mstaarabu, alikuwa anautia mfukoni kimya kimya. Lakini yule msemaji wao alikuwa ameshaona.

"Wenyeji, hebu ngojeni," akasema kwenye kipaza sauti. "Sisi tulikuja kuomba msichana mzima. Naona mmeanza kutupa vipande."

Turubai lote likaanguka kicheko.

"Fundi wa kipande hiki ni nani? Asimame atuambie, vingine vinakuja leo au tulale hapa?"

Na msemaji wetu, ambaye ni baba mdogo wa mume wangu, badala ya kunifunika akaninyooshea kidole: "Fundi tunaye! Tena wa kutoka Tanzania, atawajibu kwa Kiswahili safi." Nikaletewa kipaza sauti. Nilimwangalia mama mkwe. Hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe.

Ningesema samahani hapo, yangeisha. Ilikuwa bado ni mchezo. Lakini mdomo wangu, jamani, huu mdomo, ukafunguka wenyewe: "Wazee, bibi harusi wetu asubuhi alikuwa na haraka, akajigonga mlangoni. Ukucha ulilegea hapo."

Nikamwona Ange bado yuko kwenye magoti. Akaniangalia mara moja tu. Halafu akainamisha kichwa akasema, "Ni kweli, nilijigonga."

Msemaji akadaka. "Ahaa! Basi tumepewa msichana wa kugongana na milango. Na vyombo vyetu vya maziwa je, atavikuta vizima akifika Nyundo?" Watu wakacheka, lakini safari hii upande wa Nyundo shangazi mmoja wa bwana, mama mnene mwenye miwani, hakucheka. Alimwinamia mwenzake akasema, wala hakupunguza sauti, "Huyu ataweza kazi ya nyumbani kweli?" Hapo nikaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimeitoa aibu yangu nikamvika binti wa watu mbele ya ukweni, siku yake ya kwanza, na yeye ameivaa.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka, nikawa natafuta jinsi ya kuanza. Ange akainua mkono ajifute jasho, na alipoushusha ukucha wa pili ulikuwa umebaki umenata begani kwenye mushanana. Wa tatu ukadondoka kwenye mkeka, tik. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu haikuwa hata na hatua kumi. Msemaji akainama, akauokota, akaninyanyulia juu watu wote waone.

"Mama, na huu nao ni mlango upi? Wa jikoni?"

Ayiwe! Watu walilia kwa kucheka. Kuna mmoja alidondosha kiti. Na mimi kipaza sauti bado kiko mkononi, nikasikia sauti yangu mwenyewe inatoka kwenye spika mpaka barabarani.

"Hakuna mlango," nikasema. "Hakujigonga. Nimesema uongo. Likwidi yangu iliisha, nikachukua nyingine isiyo ya ule unga, nikachanganya, na nilijua haifai, nilikuwa nimechoka sikutaka kumwambia arudi kesho. Ange hana kosa lolote. Kosa ni langu."

Nikaendelea kueleza, Mungu wangu, nikawaeleza wazee wa Nyundo habari za unga na likwidi, kwamba ndani inabaki mbichi, kwamba inaunguza ngozi, hakuna aliyeniuliza, nilishindwa kunyamaza. Kicheko kikapungua, kikapungua, kikaisha. Yule shangazi wa miwani akainuka, akaja, akashika mkono wa Ange akaufungua kwenye mwanga. Ngozi pembeni ya kucha ilikuwa imevimba, sehemu nyingine imeanza kutoa malengelenge madogo. Hata msemaji akashusha kipaza sauti.

Baba mkwe ndiye aliyeongea. "Binti yangu, inauma?"

"Kidogo, Papa."

"Tangu lini?"

Ange akairudisha mikono kwapani. Mzee akanyoosha mkono akaomba inkongoro irudishwe. Mtu akataka kumbadilishia maziwa mengine, akakataa. Akanywa yale yale, mpaka chini, akageuza chombo tuone kwamba hamna kitu, akampa Ange mkono amwinue. Vigelegele vilivyopigwa hapo sijavisikia tena. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya kreti la soda, nikalia mpaka Solange alipokuja kunipa kitambaa. Aliponiona nimetulia ndipo akasema, "Likwidi ni likwidi, ee?" na akaondoka.

Kazi ya kuzitoa ilikuwa Jumapili baada ya misa, sebuleni kwa mama mkwe. Akriliki nzuri unailoweka kwenye asetoni inalainika. Ile haikulainika. Iliyokuwa imelegea ililegea, iliyoshika ilishika kama saruji, ikabidi niisage kwa tupa polepole, ukucha mmoja mmoja, kwa masaa, huku Ange anauma mtandio wake. Mama mkwe alikaa karibu kwenye kigoda. Halafu akashika vidole gumba vya Ange, vile viwili vya kwanza, havina wekundu, havina ufa, kiua kinang'aa.

"Mama Keza," akasema. "Na hii mbili, sababu ya nini iko muzuri?"

"Hizo nilifanya na likwidi ya ule unga wenyewe, mama."

"Donc unajua."

"Ndiyo, mama. Najua."

"Unajua," akarudia, akaviacha vile vidole, akaenda jikoni. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Nilipomaliza nikamuuliza Ange kwa nini hakuniambia. Siku mbili zinachoma, siku mbili anaficha mikono, hata pale mbele ya watu akabeba na uongo wangu juu. Alikuwa anapuliza vidole vyake. Akasema, "Ulikuwa umechoka, wifi. Niliona tu ukikaa ulivyoshika mugongo." Hivyo tu. Nilizoea kufikiri kwamba kwenye ile familia hakuna anayeona kama nimechoka.

Kwenye zahanati walimpa dawa ya kupaka na wakamwambia ngozi ikishaikataa dawa ya namna hii huwa haisahau, kwa hiyo Ange hatavaa kucha za akriliki tena maisha yake. Siku ya ndoa ya kanisani aliingia na kucha zake mwenyewe, fupi, nilizipaka mafuta tu, na pete ikaingia bila kusukumwa. Watu walisema kapendeza. Mimi nilikuwa naangalia vidole.

Ile chupa niliipeleka wanakopokea taka za dawa, siyo chooni, siyo mtaroni. Na sasa unga wangu na likwidi yake vinakaa kwenye kopo moja, kimoja kikiisha nafunga lile kopo na mteja namwambia rudi kesho, hata awe amelipa, hata awe analia, hata awe ametoka Kigali kwa miguu. Wengine wamenikimbia. Na waende. Mgongo unauma vile vile, lakini ninapochoka nasema nimechoka, kwa mdomo, mtu asikie.

Mama mkwe sasa anakuja saluni kila mwisho wa mwezi. Hakuwahi kuja miaka yote tisa. Anaingia na harufu yake ya sambaza, anasimama katikati ya chumba wateja wakiwepo, tena akikuta hakuna mteja anangoja mpaka aingie mmoja, halafu anauliza kwa sauti ya sokoni, "Mama Keza! Unga na likwidi iko ya nyumba moja?"

"Ndiyo, mama," najibu.

"Onesha."

Nainuka, na mgongo wangu, nafungua kopo, namwonesha. Anainama ananusa. Ndipo anakaa, anatandaza vile vidole vyake vilivyochakaa kwa chumvi na samaki, na kunipa nimpake rangi. Rangi tu, ya kawaida, haina unga wala likwidi ndani yake.

Nimeshamweleza. Anasema anajua.